Tulitengeneza Roboti, Tukajifunza Kuzungumza

Ukiingia nyumbani kwetu hapa Birmingham, Uingereza, wa kwanza kukupokea si mimi wala baba watoto. Ni roboti. Imesimama karibu na mlango wa sebule, ina urefu wa sentimita 109, kichwa chake ni mfano wa kuba, kiwiliwili ni cheupe chenye vijimlango vya buluu, na miguu yake ni mitatu. Wageni kutoka Tanzania hushtuka, kisha huuliza ni nani aliyenunua dude hili. Huwajibu kwamba halikununuliwa. Tulilitengeneza mimi na mwanangu, katika banda lililo nyuma ya nyumba, kwa muda wa miaka miwili na nusu.

Mimi ni muuguzi. Diploma yangu niliipata nyumbani Tanzania, na kabla ya kazi hii sikujua tofauti ya nati na bolti. Kwa hiyo siandiki haya ili kumfundisha mtu ufundi. Naandika kwa ajili ya akina mama wenzangu waliowahi kumwacha mtoto mbali kwa sababu ya riziki, na siku alipowarudia wakajikuta wamempokea mgeni.

Shikamoo ya mgeni

Niliondoka Morogoro mwaka 2009, mwanangu akiwa na umri wa miaka 4. Mume wangu alinifuata baadaye. Mtoto tulimwacha kwa mama yangu, tukisema ni kwa mwaka mmoja tu. Waliopita njia hii wanajua mwaka huo huwa na miezi mingapi. Kulikuwa na ada za viza, kodi ya nyumba na deni la nauli. Mwaka mmoja ukawa saba. Katika simu alimwita bibi yake "Mama". Mimi nilikuwa "Mama wa Ulaya".

Juni 2016 mama yangu alifariki dunia. Sikwenda kumzika. Novemba ya mwaka huo mtoto akaletwa, sasa ana miaka 11. Pale uwanja wa ndege aliniamkia "Shikamoo" kwa heshima zote, kama anayemwamkia mwalimu mkuu. Nyumbani aliketi ukingoni mwa kiti. Kila alipotaka kunywa maji, aliomba ruhusa kwanza. Nimechoma watu sindano maisha yangu yote, lakini ombi lile dogo lilinichoma mimi.

Shuleni Kiingereza kilimpiga chenga, wenzake wakamcheka matamshi, naye akaamua kunyamaza. Alinyamaza shuleni, akanyamaza na nyumbani. Mimi nikafanya kama wengi wetu tunavyofanya: nilimkalisha mezani nikamhoji. Una nini? Nani amekuudhi? Mbona huli? Jibu lake lilikuwa moja tu, "Hakuna kitu, Mama." Wodini nimewafanya wagonjwa wabishi wanieleze maumivu yao yote. Mwanangu mwenyewe alinishinda.

Asiyejua Kiingereza

Siku moja baba watoto alileta diski ya filamu kutoka duka la mitumba. Ilikuwa Star Wars, ile ya kwanza ya George Lucas iliyotoka mwaka 1977. Mimi sikuelewa mengi. Vita vya angani si fani yangu. Mwanangu alimfuata kwa macho mhusika mmoja tu: roboti mfupi aitwaye R2-D2, anayetembea kwa magurudumu na kusema kwa miluzi na milio. Filamu ilipokwisha akairudisha mwanzo. Siku ya tatu nikamwuliza anampendea nini yule. Akajibu bila kunitazama:

"Hajui Kiingereza, lakini hakuna anayemcheka. Na rafiki yake anamwelewa."

Nilikwenda zamu ya usiku na maneno hayo kichwani. Asubuhi niliporudi, kabla hata ya kuvua koti, nikamwambia, "Je, tukimtengeneza?"

Akanitazama usoni. "Mama, unajua?"

"Sijui. Wewe ndiye utakayejua. Mimi nitakushikia taa."

Kumbe hatukuwa peke yetu. Tangu mwaka 1999 kuna umoja wa watu wanaotengeneza R2-D2 majumbani mwao. Umeenea katika nchi nyingi, na wanachama wake hupeana vipimo na ushauri. Wawili wao wa hapa Uingereza, Lee Towersey na Oliver Steeples, walichukuliwa mwaka 2013 na wenye filamu, wakatengeneza roboti za filamu iliyotoka mwaka 2015. Habari hiyo mwanangu aliisoma mwenyewe, kwa Kiingereza, akanifuata jikoni kunieleza. Akasoma pia kwamba filamu ya kwanza ilipigwa katika jangwa la Tunisia na katika studio za Elstree, karibu na London, na kwamba ndani ya R2-D2 alikaa mwigizaji Kenny Baker, mwenye urefu wa sentimita 112, mzaliwa wa Birmingham hii hii. Alifariki Agosti 2016, miezi mitatu kabla mwanangu hajafika.

"Basi alikuwa mtu wa huku kwetu," akasema. Nililishika lile neno "kwetu" nikaliweka moyoni.

Kuba lililopata kiharusi

Tulianza na kichwa, kwa sababu mwanangu alisema mtu akichorwa huanza kichwa. Kuba za alumini zilizo tayari zilikuwa na bei ya kututisha. Nikaikumbuka kazi yangu: je, nimesaidia kufunga mikono na miguu mingapi iliyovunjika? Nikanunua bandeji za plasta dukani kwa fedha zangu (wodini sikuchukua hata kipande). Tukakata mbavu za plaiwudi zenye mviringo wa sentimita 46, tukazifunika tabaka juu ya tabaka, tukaliacha kuba bandani likauke.

Banda la Birmingham, mwezi wa Februari! Baridi na unyevu vilifanya kazi yao. Baada ya siku tatu tulikuta upande wa kushoto umelegea na kuteremka. Mwanangu akalizunguka taratibu, mikono mgongoni kama daktari bingwa, kisha akatoa jibu:

"Mama, huyu amepata kiharusi."

Huo ulikuwa utani wake wa kwanza kwangu. Nilicheka hadi nikakaa chini sakafuni. Kuba la pili tulilikausha ndani ya nyumba, karibu na kipasha joto, na kwa wiki mbili tulikula chakula cha jioni huku tukilichunga kama mgonjwa mahututi.

Baba watoto hakufurahi. Ni dereva wa basi, anaijua thamani ya kila pauni. "Fedha hizi zingeezeka chumba kizima Morogoro," alisema, wala hakukosea. Tukakubaliana iwe pauni 25 kwa mwezi, isizidi. Kanisani nako, dada mmoja ninayefanya naye kazi ya kujitolea aliniuliza kwa upole kama dude hilo si sanamu. Nilimjibu kwamba hakuna anayelipigia magoti ila mimi, tena ni pale ninapotafuta nati iliyoanguka.

Kiwiliwili tulikitengeneza kwa mifupa ya plaiwudi na ngozi ya karatasi ngumu za plastiki, zilizokatwa kwa kisu kikali na rula ya chuma. Mwezi ambao fedha hazikutosha kununua kitu, tulipiga msasa. Na roboti haishibi msasa. Unapiga, unapaka rangi ya kwanza, unaona mikwaruzo, unarudi kupiga tena. Kwa ajili ya vumbi nilimlazimisha avae barakoa, nami nikavaa yangu. Tulikaa hivyo kila Jumamosi ambayo sikuwa zamu, bega kwa bega, macho kazini.

Swali la bandani

Jumamosi moja ya Oktoba 2017 alinisimulia habari aliyokuwa ameisoma. Huko Marekani mtoto mdogo wa kike aliugua saratani ya ubongo. Baba yake, Albin Johnson, ndiye aliyeanzisha mwaka 1997 umoja wa wapenzi wa filamu hizi uitwao 501st Legion. Ndugu wa mtoto yule akaomba mgonjwa apate roboti wa kumlinda, kama R2-D2 anavyowalinda watu wake katika filamu. Watengenezaji wakajitolea, wakaunda mmoja wa rangi ya waridi, wakamwita R2-KT. Mtoto alifariki Agosti 2005. Roboti alikamilika mwaka uliofuata, na tangu hapo amepelekwa kuwatembelea watoto wagonjwa.

"Alichelewa," mwanangu akasema, akiendelea kupiga msasa. Kisha, kwa sauti ile ile: "Kama wewe kwa Bibi."

Mkono wangu ulisimama. Msomaji, nitakueleza ukweli: neno la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa la kumkaripia. Mtoto hamwambii mama yake hivyo. Lakini barakoa ilinipa nafasi ya kumeza mate, nikafikiri. Swali hilo alikuwa amelibeba kutoka Morogoro, mwaka mzima na zaidi.

Nikamweleza. Pasipoti yangu ilikuwa ofisi ya uhamiaji, pamoja na maombi yetu ambayo ndiyo yangetuwezesha kumleta yeye. Kuiomba irudishwe ili nisafiri kungefuta maombi hayo. "Nilichagua," nilimwambia. "Nilimwacha mama yangu azikwe bila mimi ili nikupate wewe. Na sikukwambia kwa sababu niliona aibu."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Bibi alikuwa ananiambia kila siku kule hospitali: kesho mama yako atakuja."

Sikuwa na jibu. Hata leo sina. Barakoa yangu ililowa machozi. Tulikaa hivyo, mvua ikipiga bati la banda, mpaka aliponyosha mkono akasema, "Nipe msasa laini, Mama. Huu unakwaruza."

Hakusema kwamba amenisamehe, nami sikumdai. Ila kuna siku baada ya hapo, siwezi kuitaja ni ipi, niliyogundua kwamba haombi tena ruhusa ya kunywa maji. Anafungua bomba na kunywa, kama mtoto aliye kwao.

Sauti ya tatu

Mota mbili za kuendesha miguu tulizitoa katika kiti cha magurudumu cha umeme, kibovu, tulichokinunua kwa bei ndogo. Hapo angalau ujuzi wangu wa wodini ulifaa. Tuliongeza betri, rimoti ya aina ya magari ya kuchezea, na spika ndogo kifuani.

Ikabaki sauti. Mtaalamu wa sauti wa filamu ile, Ben Burtt, alichanganya kinanda cha umeme na sauti ya kinywa chake mwenyewe, akiiga vitoto vichanga. Muuguzi haoni ajabu hapo. Mtoto mchanga hana neno hata moja, lakini mama aliyekaa naye hujua kilio cha njaa na kilio cha usingizi. Asiyekaa naye husikia kelele tu. Mwanangu angeweza kunakili milio ya filamu. Alikataa. Alijifungia chumbani na simu yake, akarekodi kinywa chake mwenyewe, wala hakuturuhusu kusikia.

Julai 2019 tuliiwasha. Ilikwenda mbele kidogo, ikageuka kwa madaha, ikagonga mlango wa jikoni. Alama ipo mpaka leo. Baba watoto, aliyekuwa amekaa pembeni kama hakimu, alipiga magoti kukagua gurudumu, na tangu siku hiyo betri ni idara yake.

Kisha mwanangu akabonyeza sauti. Ya kwanza ilikuwa mluzi. Ya pili ilikuwa kama kicheko. Ya tatu ilinifanya nishike ukuta: ulimi ukigonga kaakaa mara nne, halafu mluzi mfupi unaopanda. Ulikuwa mwito wa mama yangu akiita kuku jioni. Niliusikia utoto wangu wote, na sikuwa nimeusikia tena tangu nilipopanda ndege.

"Huo ni wa Bibi," akasema. "Aliniambia hata wewe ulipokuwa mdogo, ukiusikia ulikuwa unakuja mbio."

Mwanangu sasa ni kijana mkubwa, anajifunza ufundi wa umeme, na Kiingereza chake kinanipita mimi. Maneno yake bado si mengi. Ndivyo alivyo, nami nimejifunza kuyasoma machache anayotoa.

Mama mwenzangu, si lazima iwe roboti. Inaweza kuwa baiskeli mbovu, banda la kuku au cherehani ya zamani. Lakini usimweke mtoto mezani ukamkabili kama askari. Tafuteni kazi ya mikono, ndefu, isiyo na haraka. Mwache yeye awe fundi, wewe uwe msaidizi. Na siku atakapokuuliza lile swali unaloliogopa, usijifiche nyuma ya cheo chako cha umama. Mjibu, hata kama jibu linakuaibisha.

Kuba letu bado limeinama kidogo upande wa kushoto. Tuliona tuliache hivyo.