Futi Saba za Maji

Mhandisi James Brindley, alipochora mifereji ya kati ya Uingereza katika karne ya 18, aliyapa malango yake ya kupandishia na kushushia vyombo upana wa futi 7 hivi. Aliokoa maji na fedha. Akakata pia kipimo cha nyumba za watu wa leo. Mashua nyembamba huingia humo kama upanga alani.

Mfereji wa Grand Union una malango ya futi 14. Nyembamba mbili hukaa humo ubavu kwa ubavu. Pana hukaa peke yake. Katika handaki la Blisworth, lililofunguliwa mwaka 1805, nyembamba hupishana gizani, lakini pana hushika katikati, nayo sharti iombe zamu mapema.

Hapo huzuka manung'uniko. Mmoja huona njia yake imezibwa. Mwenziwe, aliyekimbia kodi za nyumba za London, huona jirani anampimia sebule. Mwaka 2020 wenye mashua pana walianza kutozwa ada ya ziada.

Lakini ada haipanui handaki. Lililobaki ni adabu ya kale ya mabaharia: kungoja, na kupisha.