Maji ya Dunga na Upepo wa Nandi

Sisi tunaoteleza mawimbini Pwani hatuhangaiki sana na vazi. Mwezi wa Machi bahari hufika digrii 29, fulana na kaptula zinatosha. Kusi likivuma, maji hushuka hadi karibu 25, na anayekaa majini saa nyingi huvaa neopreni nyembamba ya milimita 2. Nilipofunga safari yangu ya kwanza kwenda Kisumu, mwezi wa Agosti, niliipakia neopreni hiyo pamoja na kipimajoto. Nilitaka kujua ziwa linadai vazi gani.

Treni hadi Nairobi, kisha basi la Nakuru na Kericho. Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na abiria walifunga madirisha mpaka tulipoteremka kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero, joto likaturudia. Hata hivyo Kisumu nayo iko juu, mita 1,130 hivi, na jua likizama hewa yake hupoa upesi kuliko ya Mombasa.

Dunga, kando ya ziwa, nilikuta mafunjo, boti zilizopandishwa ufukweni na harufu ya samaki wa kukaanga. Mchana ule maji yalikuwa digrii 26, kama Nyali kwetu Pwani. Mawimbi ndiyo tofauti: Ghuba ya Winam, sehemu hii ya ziwa, imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote na haina kina kirefu, kwa hiyo mawimbi yake ni mafupi, yanafuatana mbiombio na hayabebi ubao. Hapa ni mahali pa tanga, kasia na kuogelea. Tena maji yasiyo na chumvi hayakuinui vizuri kama ya bahari. Mwili hukaa chini zaidi, na mtu huhisi tofauti hiyo mara moja.

Marufuku ya uvuvi wa omena ya Aprili hadi Julai ilikuwa imekwisha, na mzee mmoja mwenye boti akakubali kunichukua usiku. Alinitazama miguu mitupu. "Omera, tafuta sweta," akaniambia. "Maji hayana neno. Ogopa upepo."

Vijana wake walivaa boshori, viatu vya mpira na makoti mazito ya mitumba kutoka soko la Kibuye. Walishusha taa majini, wakangoja omena wakusanyike kwenye mwanga. Kuelekea saa kumi za usiku upepo ulianza kutoka upande wa milima ya Nandi. Kipimajoto kikasoma 25 majini na 18 hewani. Nilipozamisha mikono ziwani nilikuwa ninaiotesha moto! Kila wavu ulipovutwa tulilowa, na upepo ukayakausha maji yale mwilini, ukiondoka na joto letu.

Hapo nikaelewa ni neopreni ipi ya kuchagua. Tangu Hugh Bradner, mwanafizikia wa California, alipobuni vazi hili la neopreni mwaka 1952, kazi yake ni ileile: vipovu vya gesi ndani ya mpira huzuia joto lisitoroke. Lakini nyingi hufunikwa kitambaa kwa nje, na kitambaa kikilowa upepo hukipoza. Kwa Winam ningechukua milimita 2, kifua cha mpira mtupu usioshika maji, na koti jepesi la upepo juu yake.

Mikono na miguu ya vazi iwe mirefu, hata mchana wa joto, kwa sababu ya kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa kwenye majani ya ufukweni, zaidi jua linapokuwa kali, na hupenya ngozi iliyo wazi. Vazi hupunguza hatari tu, maana maji huingia hata ndani ya neopreni. Bora kuingilia mbali na magugu, kujifuta mara utokapo, na baadaye kupimwa. Dawa ipo, prazikwanteli.

Alfajiri, wanawake wakipima omena kwa gorogoro, kijana mmoja aliivuta neopreni yangu, akauliza bei. Nilipoitaja akasema kwa pesa hizo angenunua jaketi la kuokoa maisha. Namuunga mkono kwa moyo wote. Neopreni angalau humsaidia mtu kuelea. Lakini koti zito na viatu vya mpira vikijaa maji humlemea, na katika boti ile, kwa watu wote tuliokuwamo, sikuona jaketi hata moja.