Tuliotoka Ng'ambo ya Mto

Vita vilitufikia mwishoni mwa Oktoba 1978, msimu wa senene ukikaribia. Nilikuwa binti mdogo, mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, mmoja wa vijana waliomaliza darasa la saba wakapewa chaki mapema kwa kuwa watoto walikuwa wengi na walimu hawatoshi. Kijiji chetu kilikuwa kati ya Bunazi na Mutukula, ng'ambo ya Mto Kagera ukitokea Bukoba. Mpaka wa Uganda pale haufuati mto. Wakoloni waliuchora kwa mstari ulionyooka kaskazini yake, wakatuacha sisi na eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,800 tukiwa Watanzania, lakini tumetengwa na wenzetu kwa maji. Idi Amin, rais wa Uganda, aliutaka mto ule uwe mpaka. Novemba 1 akatangaza kwamba eneo letu sasa ni sehemu ya Uganda.

Tangazo hilo lilitukuta tumeshakimbia. Mizinga ililia kwanza upande wa Mutukula, kisha wakaonekana watu wakishuka na ng'ombe, wengine na godoro kichwani, wote wakielekea daraja la Kyaka. Mama alibeba mtoto na sufuria. Baba alibeba Biblia na jembe. Bibi mzaa baba aligoma kuondoka. Alisema kibanja hakiachwi migomba ikiwa na mikungu, na kwamba askari hawana shida na kikongwe. Tulimwomba hadi sauti zikatukauka. Tukavuka bila yeye. Novemba 3 askari wa Amin walililipua daraja lile, na aliyekuwa amebaki upande wa pili akawa amebaki kweli.

Wanaokadiria waliouawa kule ng'ambo hutaja raia wapatao 1,500. Wapo waliochukuliwa wakapelekwa Uganda, wanawake wakiwamo, na baadhi yao hawakuonekana tena. Ng'ombe waliswagwa kwa maelfu, kiwanda cha sukari kikaporwa, mabati yakang'olewa juu ya nyumba. Bibi hatukumkuta tuliporudi, wala hakuna aliyeweza kutuonyesha alikolazwa. Nayasema haya mapema kwa sababu nimekaa na vijana wasomi wanaosema hakuna vita vyenye haki, na nawaheshimu kwa kuipenda amani. Lakini kuna siku ambayo vita vimeshaingia ndani ya nyumba yako, na swali linalobaki ni nani atavitoa.

Tulihifadhiwa kwa shangazi, upande wa Bukoba, katika nyumba iliyojaa watu hadi jikoni. Jioni ya Novemba 2 tulikusanyika kwenye redio ya jirani. Mwalimu Nyerere, rais wetu, aliongea kwa sauti ile ile aliyokuwa akitufundishia mambo ya kilimo na elimu, akasema tunayo sababu ya kumpiga Amin, tunayo nia na tunao uwezo. Watu walishangilia. Wazee wengine walilia. Mjomba wangu, mdogo wake mama, aliyekuwa amefunzwa mgambo, alisimama palepale akaanza kufunga kamba za viatu.

Baba hakushangilia. Alikuwa katekista, na kwake amri ya kutoua haikuwa na mkia. Mjomba alipomuuliza, "Shemeji, wewe unataka tukae tu?" alijibu kwa upole uliotuudhi sote. "Sababu ametupa Amin mwenyewe, shemeji. Uwezo utapatikana, maana nchi nzima itachanga. Nia ndiyo naiogopea. Mtaondoka hapa na nia ya kurudisha watu makwao. Mtafika huko na nia gani?"

Mjomba akamwambia, "Shemeji, mama yako yuko kule ng'ambo."

Baba alinyamaza. Jumapili iliyofuata, katika ibada tuliyofanyia chini ya mti kwa kuwa kanisa lilijaa wakimbizi, aliwaombea askari wetu, kisha akawaombea vijana wa Uganda waliotumwa wasijue wanachofia. Mwanamume mmoja aliyekuwa amepoteza watoto alinyanyuka akaondoka. Baba hakumlaumu, ila hakuacha kuomba hivyo hadi vita vilipokwisha.

Mimi nilikuwa upande wa Mjomba, na hadi leo, kwa sehemu kubwa, bado niko huko. Njia nyingine ilijaribiwa, nayo ilikuwa hivi: wapatanishi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikwenda na kurudi wakitutaka tusimamishe mapigano, huku umoja wao ukikataa kutamka wazi kwamba mwenzao amevamia. Mwalimu alidai Amin alaaniwe, aikane ile hatua ya kulichukua eneo letu na atulipe fidia. Hakulaaniwa. Katikati ya Novemba alitangaza kuwa anaondoa majeshi, lakini mizinga yake ilibaki juu ya miinuko ya Mutukula, na mwenye mzinga juu ya mwinuko hahitaji kuvuka mpaka ili akuue. Kusimama pale kungekuwa kuwaambia watu wa Bunazi na Minziro warudi wakalime huku mauti yakiwatazama kutoka juu.

Ni haki pia kusema kwamba ugomvi haukuanza Oktoba ile. Mwalimu alimpokea Milton Obote, rais wa Uganda, alipopinduliwa na Amin Januari 1971, na Septemba 1972 wafuasi wa Obote wenye silaha walivuka mpaka wakitokea nchini kwetu. Walishindwa vibaya. Ndege za Amin zikaja kupiga Bukoba, hadi nchi hizi mbili zilipotia sahihi makubaliano Mogadishu. Watu wa mpakani tuliyajua hayo. Hatukuwa malaika. Lakini mtu aliyekosana na jirani yake mwaka 1972 hapati kwa hilo ruhusa ya kuichukua ardhi yake mwaka 1978 na kuwaua wakulima waliolala.

Nchi ilichanga, kama Baba alivyosema. Bukoba ilijaa malori na mabasi ya watu binafsi yaliyochukuliwa kubeba askari, mengine bado yana majina ya safari za Dodoma na Tanga. Mgambo walitoka kila mkoa. Nilisikia Kisukuma na Kikurya sokoni kwetu kwa mara ya kwanza. Akina mama tulipika. Tulichimba mahandaki uani na kuwafundisha watoto kulala kifudifudi wanaposikia ndege. Shule ikawa masomo ya asubuhi chini ya migomba, mahali pasipoonekana kutoka angani.

Vijana wetu walivuka mto, wakalikomboa eneo letu, na Januari 1979 wakaichukua Mutukula. Hapo ndipo lile swali la Baba lilipoanza kuuma. Mji wa Mutukula wa upande wa Uganda ulisawazishwa kwa matingatinga, na raia waliuawa humo kwa hasira ya yale yaliyofanyika kwetu. Mwalimu alipopata habari aliamuru askari wasiwaguse raia na mali zao. Amri ile ilifanya kazi kubwa, na Waganda wengi waliowapokea askari wetu wakiwaita wakombozi ni mashahidi. Lakini Februari 24 Masaka ilipoangukia mikononi mwetu, sehemu ya mji ililipuliwa kwa baruti mapigano yakiwa yamekwisha, kulipiza kisasi.

Mjomba alikuwapo. Alirudi nyumbani amekonda, na kwa muda mrefu alikuwa akieleza mambo mengine tu: tope, mvua, bunduki nzito. Siku moja nilimuuliza nikiwa namtengea chakula. "Shikamoo Mjomba. Masaka ilikuwaje?" Aliitikia, akanawa mikono, akakaa kimya kiasi nikadhani hatajibu.

"Kule tulilipizia kisasi nyumba, mwanangu," akasema. "Na nyumba haikuchukua ng'ombe wa mtu."

Nimekutana na upande wa pili wa maneno hayo. Siku hizi Mutukula ni mahali pa biashara, watu wanavuka na matoke na sabuni, na kwa miaka mingi nilinunua vitenge kwa mama mmoja kutoka Masaka. Tulipozoeana nilimwambia ninakotoka. Akanieleza kwamba kaka yake mkubwa alichukuliwa na watu wa Amin mwaka 1977 akiwa mwanafunzi, hakurudi. Jeshi letu lilipoingia walikimbilia barabarani kushangilia. Muda mfupi baadaye, jengo alimokuwa na duka baba yake likalipuliwa. Nilimuuliza kama angetamani tusingekuja. Alinitazama kwa mshangao. "Mngekuja," alisema. "Dukani kwa baba hapakuwa na askari." Hakuona kuwa sentensi ya kwanza inaipinga ya pili, nami siioni hivyo pia. Yule mama alikuwa na haki ya kukombolewa na alikuwa na haki ya duka lake, na anayedai kuwa ukombozi unalifuta deni la duka anaifanya haki iwe mali ya mshindi.

Mjomba na mimi tulibishana zaidi kuhusu kilichofuata. Je, tulipaswa kwenda Kampala? Mwanzoni Mwalimu hakusema tunakwenda kumng'oa Amin. Lengo lilitanuka njiani. Libya ilituma askari kumsaidia, wakapambana na wetu Lukaya mwezi Machi, na ndege yake ikaja kudondosha mabomu Mwanza. Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana Moshi mwezi huohuo wakaunda umoja wao chini ya Yusuf Lule. Aprili 11 Kampala ikaanguka. Julai, katika mkutano wa viongozi wa Afrika pale Monrovia, rais wa Sudan, Nimeiry, aliishutumu nchi yetu kwa kuvunja kanuni ya kutoingilia mambo ya nchi nyingine, na hakuwa peke yake.

Kanuni ile ina maana yake na siidharau. Nchi ndogo zinaishi kwa hiyo. Lakini ilikuwa wapi Jaji Mkuu wa Uganda, Benedicto Kiwanuka, alipokokotwa kutoka mahakamani mwaka 1972? Ilikuwa wapi Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa Februari 1977? Waliokufa chini ya utawala ule wanakadiriwa kufika laki tatu. Wakimbizi wa Uganda walikaa kwetu Bukoba, tukawasikia wakihadithia usiku. Kanuni inayomlinda rais ili aweze kuwaua watu wake, na inayonyamaza anapowaua wa jirani, ilikuwa imeshavunjwa na Amin kabla ya sisi kuigusa. Kwa hiyo nasema ndiyo, hata Kampala. Nasema hivyo nikijua kwamba ndiyo hiyo ilinunuliwa kwa watoto wa watu. Idadi ya askari wetu waliokufa inayotajwa mara nyingi ni 373, wengi wao kwa ajali na maradhi kuliko kwa risasi. Makaburi yao ya Kaboya nimeyatembelea. Wengi walikuwa na umri wangu wa wakati ule.

Gharama nyingine tuliilipa sote. Mwalimu alituomba tufunge mkanda miezi 18. Miezi 18 ilipita, na mkanda ukabaki ulipo. Gharama ya vita hutajwa kuwa dola za Marekani milioni 500, na ilitukuta bei ya mafuta ikipanda na bei ya kahawa yetu ikishuka. Nakumbuka foleni za sabuni na sukari katika mkoa wenye kiwanda cha sukari. Nakumbuka wanafunzi wangu wakiandika nyuma ya karatasi za matangazo ya zamani. Fidia haikuja. Wengi waliojenga upya ng'ambo ya mto walijenga kwa miti na nyasi, nao walikuwa wameacha nyumba za bati.

Na Uganda haikupata amani. Lule, aliyeshika urais baada ya Amin, aliondolewa kabla ya Juni kwisha, Binaisa akafuata naye akaondolewa, uchaguzi wa Desemba 1980 ukazua vita vya msituni, na Luwero, vilikopiganwa, ikajaa mifupa. Watu hunitajia Luwero wanapotaka kuniambia kwamba vita vile havikuwa na maana. Siwakubalii. Kumzuia muuaji ni kazi iliyokamilika siku alipozuiwa, hata kama kesho yake ataibuka mwingine. Ila wananiweka mahali pagumu, kwa sababu aliyeingia katika nchi ya watu kwa bunduki ameshajitwika sehemu ya kesho hiyo, atake asitake.

Hapo ndipo Mjomba nami tulipoachana. Yeye, aliyefika hadi Arua, alishikilia mpaka mwisho wa maisha yake kwamba jeshi letu lingerudi Juni ile ile 1979, lilipofika mpaka wa Sudan na mapigano yakaisha. Alisema askari wa kigeni akikaa, hata akiwa mwema, huwa upande wa mtu fulani, na Waganda walishaanza kumtazama hivyo. Mimi nilimwambia kwamba kuondoka haraka kungewaachia uwanja wenye bunduki nyingi kuliko kura. Jeshi lilikaa hadi 1981, na kila mmoja wetu aliona katika yaliyotokea ushahidi wa hoja yake. Baba alitusikiliza mara nyingi bila kuingilia. Mara moja tu alimgeukia Mjomba akamuuliza ni siku gani hasa, akiwa njiani kutoka Mutukula kwenda Kampala, alipoacha kumfikiria bibi yetu. Mjomba alimjibu kwamba ilikuwa kabla ya Masaka.