Vidole Vinne

Jumamosi, 8 Juni 2024

Leo nimemalizia deni la gari langu, Altezza. Kadi iko kwenye droo ya juu, chini ya vitambulisho vya watoto. Saa kumi jioni nimetoa kigoda mbele ya karakana, hapa Keko, nikaitazama ubavuni mpaka fundi wangu wa kupiga msasa akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Ni ya mwaka 1999, SXE10, gia sita za mkono, na kile kioo cha dashibodi chenye visaa vidogo ndani ya saa kubwa. Kasoro ni moja, nayo inaniuma kila nikiiona: kati ya tairi la mbele na fenda vinaingia vidole vinne. Gari zuri namna hii linasimama kama mtu aliyekunja suruali avuke dimbwi.

Vijana wa kijiweni wana dawa moja. "Kata springi, kaka. Mzunguko mmoja na nusu, grainda, dakika kumi umemaliza." Mwingine akaongeza kwamba kuna wanaoipasha springi kwa gesi ikiwa palepale ndani ya gari, inalegea, gari linakaa chini lenyewe. Hapo nilinyamaza. Chuma kile kimepewa ugumu wake kwa moto uliopimwa. Ukikichoma ovyo, ulichobakiwa nacho ni waya.

Mimi ni seremala, habari za kukata miguu nazijua. Meza inayumba, unakata mguu huu kidogo, kisha ule kidogo, jioni unamkabidhi mteja kigoda.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeamka na futi mkononi. Kupima toka chini mpaka fenda hakufai, maana upepo wa tairi unadanganya. Nimepima toka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, milimita: mbele kulia 381, mbele kushoto 368. Nyuma 364 na 362.

Kumi na tatu tofauti, mbele! Na mimi nakaa kulia, kwa hiyo si kitambi changu.

Jioni, nilipofika nyumbani Chamazi, nimefanya jambo ambalo marehemu baba alikuwa akilifanya kwenye Isuzu ya tajiri wake: nimeingia uvunguni nikashika shokapu zote nne kwa mkono. Tatu zilikuwa na joto. Ya mbele kushoto ilikuwa baridi kama chupa ya soda. Kazi ya shokapu ni kuyasukuma mafuta yapite kwenye matundu membamba, ili ule mdundo wa gari ugeuke joto. Isiyopata moto baada ya njia yote ya toka Mbagala haifanyi kazi, imening'inia tu.

Alhamisi, 13 Juni

Gereji. Fundi ni mzee, hana haraka, na anafuta spana kabla ya kuitumia, si baada.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Unataka kulishusha gari lililokwisha kujishusha lenyewe?"

Alikuwa ameshaliona kabla sijafungua mdomo. Springi ya mbele kushoto imevunjika mzunguko wa mwisho kabisa, kipande kimejificha ndani ya kikombe chake, huoni mpaka uvue. Zile milimita kumi na tatu ndizo hizo. Shokapu yake imevuja hadi vumbi limegandana kama uji. Bushi za mkono wa chini zimechanika. Miezi yote hii nimekuwa nikilalamika kwamba gari liko juu, kumbe upande mmoja lilikuwa linaanguka.

Nimemwomba springi ya kulia niipime. Waya milimita 12, upana wa nje 112, mizunguko inayofanya kazi sita, urefu ikiwa huru 340. Fomula ya shule ya ufundi bado ninayo kichwani, labda ndiyo pekee iliyobaki: ugumu unapanda kwa unene wa waya ukizidishwa wenyewe mara nne, unashuka kwa upana ukizidishwa wenyewe mara tatu, na unashuka kwa idadi ya mizunguko. Nimepata kama kilo 3.5 kwa kila milimita.

Kwa hesabu hiyohiyo, wale wa grainda hawafupishi tu. Ukitoa mzunguko mmoja na nusu katika sita, iliyobaki inakuwa ngumu kwa theluthi moja zaidi, na mwisho wake uliokatwa haukai tena kwenye kikombe. Hilo hawalisemi. Nadhani hawalijui.

Kabla sijaondoka tumeinua gurudumu kwa jeki milimita 50, shokapu ikajifupisha 35. Springi iko ndani kuliko gurudumu, kwa hiyo kila milimita ya gurudumu ni sehemu saba tu za kumi kwenye shokapu. Nimeiandika kwenye kiganja, kisha hapa.

Jumamosi, 15 Juni

Shaurimoyo, Kariakoo. Jua, matoroli, mtu kabeba injini nzima kwenye mkokoteni anapiga kelele apishwe. Nimeingia maduka sita. Kila muuzaji ana jibu kabla ya swali.

Katika la nne zimetolewa springi nyekundu za mtumba toka Japani, jozi ya mbele, maandishi yameshafutika. "Hizi gari linalala, bosi." Nimetoa kalipa mfukoni, kijana akacheka akaita wenzake waje kuona. Waya 12.5, upana wa nje 112.5, mizunguko mitano, urefu 270. Ugumu: kilo 4.9 kwa milimita. Waya umenenepa nusu milimita tu na mzunguko mmoja umepungua, lakini ugumu umepanda kwa asilimia arobaini.

Nikamuuliza shokapu za kwenda nazo. Akasema shokapu ni shokapu.

Si kweli. Springi inasukuma, shokapu inazuia. Springi ngumu hurudi kwa nguvu zaidi, na shokapu ya kawaida ikishindwa kuizuia gari linanesanesa baada ya tuta kama kitanda cha gesti. Kwa asilimia arobaini za ugumu unahitaji kizuizi kilichoongezeka kama asilimia kumi na nane, kwa maana kinakwenda kwa kipeuo cha pili, hakilingani moja kwa moja. Shokapu mpya nzuri inaweza kuufikia mzigo huo. Iliyochoka haiwezi. Na kuna suala la urefu: Bilstein ya Ujerumani inatengeneza B6 kwa gari lenye kimo cha kiwandani, na B8 yenye mwili mfupi kwa lililoshushwa. Kama shokapu ni shokapu, wasingehangaika kutengeneza mbili. Koni wanakupa hata cha kuzungusha ili uongeze kizuizi cha kurudi. Bei zao nimeziangalia kama ninavyoangalia mbao za mpingo, nikapita.

Nimeweka oda ya shokapu nne mpya za KYB. Laki sita na nusu. Springi nyekundu nimeziacha, ila nimezipiga picha.

Jumatatu, 17 Juni

Idd. Karakana imefungwa. Baada ya pilau shemeji kanikuta na karatasi mezani, akadhani napiga hesabu ya kabati la mteja.

Mbele, kila gurudumu limebeba kama kilo 340. Kwenye springi, kwa sababu ya zile sehemu saba za kumi, mzigo unakuwa kilo 486. Springi ya kiwandani inabonyea 139, inabaki na urefu wa 201. Ile nyekundu inabonyea 99, inabaki 171. Tofauti ni 30 kwenye springi, yaani kama 43 kwenye gurudumu. Vidole viwili na kitu. Ndiyo gari la ndoto yangu, lile hasa.

Kisha nikapiga hesabu ya upande wa pili. Fundi alinipimia: shokapu ikinyooka mwisho, nafasi ya springi kati ya vikombe vyake ni 285. Springi ya 270 ndani ya nafasi ya 285! Tairi likining'inia, kwa mfano unapotoka kwenye shimo, springi inacheza huru milimita kumi na tano, halafu gari linatua juu yake imekaa upande. Hizo nyekundu zilitengenezwa kwa shokapu fupi, ambayo sinayo na sitaweza kuinunua mwaka huu.

Shemeji kauliza kwa nini nisinunue tu rimu kubwa. Nimemwongezea pilau.

Jumamosi, 22 Juni

Shokapu mpya zimefungwa, na springi za kiwandani (ya kushoto na ya kulia zote nimebadilisha, mtumba lakini nzima, jozi moja). Bushi mpya. Raba za juu za kuzuia, mpya.

Jambo la leo nimejifunza kwa fundi. Alifunga boliti zote za mikono gari likiwa juu, lakini hakuzikaza. Akalishusha, akalisukumasukuma likatulia kwenye kimo chake, ndipo akalala uvunguni akazikaza. Nikamuuliza. "Bushi ni raba. Ukiikaza mguu ukiwa umening'inia, ukilishusha umeshainyonga. Itaishi imesokotwa, itachanika." Nimewaza bushi zangu zilizochanika na fundi aliyepita.

Nimefunga kikamba cha plastiki, kile cha kufungia nyaya, kwenye fimbo ya shokapu ya mbele, nikakisukuma hadi chini. Shokapu ikibonyea inakisukuma juu, ikirudi kinabaki. Kutoka hapo gari linapokaa hadi kwenye ile raba ya juu ya kuzuia kuna milimita 38. Nimeendesha Keko, Barabara ya Kilwa, Rangi Tatu, Chamazi, matuta yote na yale mashimo ambayo masika ya mwaka huu yameyaacha nyuma ya soko. Nikapima: kikamba kimepanda 27.

Kwa hiyo njia yangu ya kila siku inadai 27, nami ninazo 38. Akiba yangu ni 11, na kushusha gari ni kula kutoka humo. Springi nyekundu zingekula 30 kwa mara moja, nikabaki na nane. Ningekuwa natembelea raba toka nyumbani hadi kazini, na kuupa huo usumbufu jina la mchezo.

La kushangaza: nimefika nyumbani na sikuikumbuka ile nafasi ya fenda hata mara moja. Gari linavuka tuta, linashuka, linanyamaza. Mara moja tu. Mama watoto kasema, "Leo umeendesha taratibu." Sikuendesha taratibu.

Jumamosi, 29 Juni

Nimerudi Shaurimoyo. Duka la kona, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi. Springi mpya, waya 12.5, mizunguko mitano, upana uleule wa zile nyekundu, ila urefu 285. Kalipa yangu hakuicheka, aliiomba akaitazama.

Ugumu 4.9, inabonyea 99, inabaki 186. Gari litashuka 15 kwenye springi, kama 21 kwenye gurudumu. Shokapu ikinyooka mwisho springi inagusa vikombe vyote viwili sawasawa, hairuki. Nafasi iliyobaki kabla ya raba: 23. Na kwa kuwa ni ngumu zaidi, shimo lilelile lililodai 27 litadai kama 23.

Ishirini na tatu kwa ishirini na tatu. Kwenye mbao nisingekubali, lakini raba ipo kwa ajili hiyo, ikiguswa siku moja moja si dhambi, kuishi juu yake ndiyo dhambi. Nyuma amenipa zinazolingana nazo. Nimelipa.

Jumamosi, 6 Julai

Zimefungwa. Fundi kazibana springi kwa vibano viwili na hakuruhusu mtu asimame mbele yake, hata mimi mwenye gari. Boliti zimekazwa gari likiwa chini. Kisha alaimenti: gari likishuka, kwa mikono hii miwili ya juu na chini, tairi huinamia ndani juu. Kidogo halidhuru. Tairi linaliwa ukingo wa ndani hasa pale upande wake wa mbele unapoelekea nje, na hilo limerekebishwa.

Mbele 360 na 361. Nimepima mara tatu kwa raha tu.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba. Watu watano ndani ya gari, foleni Barabara ya Kilwa toka uwanja wa maonyesho mpaka sijui wapi, joto. Kurudi tulikuwa na watu watano, feni moja na mafuta ya alizeti lita ishirini. Uvunguni jioni: kikamba kimegusa raba. Nilikuwa nimeipaka chaki, chaki imeacha alama kama pete nyembamba, haijapondwa.

Mlangoni pa karakana kijana wa kuosha magari alilizunguka gari na kitambaa begani. Akaweka mkono kati ya tairi na fenda. Vidole vitatu.

"Kaka, chuma safi sana hii. Utaishusha lini?"

Nimemwambia mwezi ujao. Jumamosi: kukaza tena boliti za juu, kupima upya kushoto.