Gari la Mchezo na Pikipiki ya Chuoni



Huku kwetu Bugene, Karagwe, hatuna bustani ya michezo ya mashine. Tuna vilima, na watoto wana vigari vyao vya mbao vya kuteremkia. Basi mwanafunzi wangu mmoja alipoalikwa na mjomba wake aliyeko Abu Dhabi, mama yake alinijia chuoni na simu mkononi. Alitaka nimwambie kijana kuwa ni haramu kupanda lile gari la reli, rolakosta, lililomo katika bustani ya Ferrari World.

Niliitazama ile picha. Gari lile laitwa Formula Rossa, na lilipofunguliwa mwaka 2010 lilikuwa ndilo lenye kasi kuliko yote ya namna yake duniani: kilomita 240 kwa saa, na huifikia kasi hiyo kwa sekunde kama 5, hata abiria hupewa miwani ya kukinga macho. Mwaka 1884, huko Coney Island, New York, watu walilipa senti 5 kupanda reli ya LaMarcus Thompson, iliyokwenda kama kilomita 10 kwa saa. Huo ni mwendo wa punda aliyekurupushwa.

"Waogopa nini, mama?"

"Ataanguka, Shehe."

Nikamweleza. Gari hilo halikuwekwa juu ya reli tu kama garimoshi. Lina magurudumu ya juu, ya ubavuni, na mengine chini ya reli, yameikumbatia lisiweze kuchomoka. Abiria hubanwa kitini, wala hafunguliwi mpaka gari lirudi. Na asubuhi, kabla watu hawajaingia, mafundi huliendesha tupu. Ajali hutokea, sikatai, lakini penye ukaguzi wa kweli ni chache. Sikuona sababu ya kuharimisha. Ninyi watu wa pwani mwazijua pembea za sikukuu. Kamba ikaguliwe, mavazi yasitiri, Sala isipitwe, hayo yatosha.

Kisha nikamwuliza la pili: "Na mwanao huja chuoni kwa nini?"

Kwa pikipiki. Watoto watatu nyuma ya dereva, hapana kofia hata moja, na kwenye mteremko wetu dereva huzima injini ili abane mafuta. Breki zilitazamwa lini? Hakuna ajuaye, wala hakuna aliyenijia chuoni kuuliza kama hilo ni haramu.

Mwaijua, waungwana, hadithi ya bedui na ngamia wake. Sina haja ya kuirudia. Yule fundi ajaribuye gari tupu kabla hajampandisha mtoto wa mwenziwe ameifahamu, hata kama hakuisoma. Sisi tuliosoma twasema Mungu yupo, kisha twampakia mtoto wa nne.

Mama alinyamaza, akatia simu yake mkobani. Jumatatu iliyofuata kijana alikuja kwa miguu, amechelewa, viatu vimejaa matope. Sikumwuliza kitu, nikamwonyesha mahali pa kukaa. Ama safari ya Abu Dhabi, wangali wakibishana nauli.