Tunu Alikula Nini?

Mimi ni mama wa Namanyere, huku kwetu Ufipa. Katika kurasa hizi nimezoea kusoma mawazo ya wenzangu juu ya ndoa, malezi na mashamba. Leo naomba nafasi niseme juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, yaani mchezo wa redio, na juu ya watu wanaoucheza, hasa siku ile wanapokataa kuucheza.

Mchezo wa Twende na Wakati nilianza kuusikiliza ulipoanza, Julai 1993, katika Radio Tanzania Dar es Salaam. Ulitangazwa mara mbili kwa juma, nusu saa tu kila mara. Redio yetu ilikuwa ndogo ya betri nne, na betri zilikuwa ghali. Mume wangu alitaka mpira, mimi nilitaka mchezo. Basi tukapatana kwamba siku nyingine zote redio isikilize habari tu, kisha ilale. Betri zilipochoka tulizianika juani kama watu wa Kirando wanavyoanika dagaa, nazo zikapata nguvu ya siku mbili tatu. Saa ilipofika majirani waliingia na nyungo zao, tukachambua maharage huku tukisikiliza. Mwezi wa Juni na Julai, baridi ya huku juu inapouma, tulibanana jikoni kandokando ya moto, wala hakuna aliyethubutu kukohoa.

Kwa ajili ya vijana nitaeleza kidogo. Katika mchezo ule alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori la safari za mbali, ambaye kila kituo alikuwa na mwanamke. Mkewe aliitwa Tunu. Tulimwonya Mkwaju kwa sauti kubwa kana kwamba angetusikia. Hakusikia. Aliugua ukimwi, akafa.

Kesho yake asubuhi bibi mmoja jirani alikuja kwangu. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza kama yule marehemu alikuwa Mkristo, maana alifikiri tumtolee Misa. Nikacheka, nikamwambia, "Bibi, yule si mtu, ni mchezo." Akanitazama, akasema, "Mwanangu, hata kama ni mchezo, wako wengi waliokufa hivyo." Nikanyamaza. Mtaani kwetu tulikuwa tumezika vijana, na jina la ugonjwa wao hakuna aliyelitaja matangani. Mchezo ule ndio uliotupa mdomo wa kulitaja.

Sisemi kwamba kila neno la mchezo lilikuwa sawa na mafundisho ya Kanisa. Mengine, hasa juu ya njia za kupanga uzazi, hatukuyakubali, tukayabishania palepale jikoni. Lakini haukuwa mchezo wa bure. Tangu 1993 hata 1995 kituo cha Dodoma hakikuutangaza, ili wataalamu wapate kuwalinganisha watu waliousikia na wale wasiousikia. Wakaona kwamba kusikia kule kulibadili mazungumzo na matendo ya watu wengi nyumbani mwao.

Mimi mwenyewe ni shahidi. Tunu hakukaa kulia maisha yake yote. Alisimama, akaanza kabiashara kake, akawalisha watoto wake. Nilipomsikia nilijiuliza, "Na wewe je?" Nikauza debe mbili za ulezi, nikapanda gari mpaka Kirando, nikarudi na gunia la dagaa. Gunia lile likazaa la pili. Watoto wangu wawili walimaliza sekondari kwa dagaa, na shina la dagaa wale ni sauti ya mwanamke niliyemsikia redioni, ambaye sikupata hata siku moja kumwona uso.

Michezo ya namna hii, inayoendelea mwaka hata mwaka, asili yake ni Marekani. Katika miaka ya 1930 makampuni ya sabuni yaliilipia ili mama wa nyumbani wasikilize mchana wakifanya kazi, na matangazo ya sabuni yawaingie masikioni. Ndiyo maana mpaka leo Wamarekani wanaiita kwa jina la sabuni. Mmoja wao, The Guiding Light, ulianza redioni 1937, ukahamia televisheni, ukaisha 2009. Hebu fikirini, zaidi ya miaka 70. Mtu aliweza kuzaliwa, kuolewa na kuzeeka, na mchezo bado unaendelea!

Kwetu nasi televisheni ikafika. Nikaanza kwenda kwa jirani kutazama Isidingo, mchezo wa Afrika Kusini wenye habari za mji wa mgodi, ambao ITV ilikuwa ikiuonyesha. Kwa njia hiyo nikawa na sikio la kusikia mambo ya wachezaji wa nchi ile. Ndipo mwaka 2014 ikaja habari ya mgomo. Wachezaji 16 wa mchezo uitwao Generations, uliokuwa na watazamaji mamilioni kila jioni, waliacha kazi mwezi wa Agosti. Walidai mshahara bora, mikataba ya miaka mitatu badala ya mifupi, na fungu lao pale mchezo unaporudiwa au kuuzwa. Wenye mchezo wakawafukuza wote 16. Mwisho wa Septemba mchezo ukakatika. Ukarudi tarehe 1 Desemba na jina lililoongezwa, na sura nyingi mpya.

Wasomaji, nitasema kweli ya moyo wangu wa siku ile. Niliwalaumu wachezaji. Nilisema, "Watu wanaojulikana nchi nzima, wanaovaa vizuri namna ile, wanataka nini tena? Nani amemfukuza mwenzake kama si wao wenyewe?" Niliwahurumia watazamaji, kwa kuwa mimi ni mtazamaji. Naujua uchungu wa kungoja saa ya mchezo, kisha ukasikia muziki mtupu.

Mwaka 2016 Mungu akaniletea somo lile nyumbani kwangu.

Nilikuwa mlezi wa kikundi cha maigizo cha vijana wa kigango chetu. Walikuwa kumi na wawili. Kila mwaka walicheza Mateso ya Bwana wakati wa Kwaresima, na watu walitoka machozi. Wakaja wageni, sitawataja, wakasema wanataka vijana wetu wacheze siku nne katika minada ya vijiji, mchezo wa kufundisha usafi wa maji na vyoo. Waliahidi chakula cha mchana na shilingi 5,000 kwa kila kijana kila siku. Vijana walifanya mazoezi majuma matatu, bila malipo yoyote, wengine wakiacha palizi.

Siku ya kwanza walicheza, posho haikutoka. Wakaambiwa kesho. Siku ya pili walicheza juani toka saa nne hata saa nane, wakala mihogo ya kuchoma waliyojinunulia wenyewe. Wakaambiwa kesho. Asubuhi ya siku ya tatu gari lilipokuja hakuna aliyepanda. Walikaa chini ya mti karibu na kanisa, kimya, na ngoma zao zimefunikwa.

Mimi nikawaendea kwa hasira. Niliwaambia wananiaibisha mbele ya wageni, wanaaibisha kigango, na kwamba kazi ya kufundisha watu ni sadaka wala si biashara. Niliwaambia, "Huko kijijini watu wanawangoja. Mtoto akifa kwa kuhara, mtajibu nini?" Wavulana waliinama. Lakini binti mmoja, aliyekuwa akicheza sehemu ya mama mwenye nyumba, mpole kabisa, alisimama akanyoosha nguo yake, akasema:

"Shikamoo mama."

"Marahaba," nikajibu, kwa ukali.

"Mama, usinikasirikie. Wewe ulituambia ya kuwa Tunu wa redioni ndiye aliyekufungua macho, ukapata biashara, ukasomesha. Naomba kuuliza. Wakati ule anakufungua macho, Tunu mwenyewe alikula nini?"

Sikumjibu. Nilitaka kumwambia ana utovu wa adabu, lakini neno halikutoka, maana swali lilikuwa la haki. Kwa miaka zaidi ya ishirini nilimpenda Tunu, nilimwombea Tunu, hata paka wangu nilimwita Tunu. Lakini sikuwaza hata mara moja kwamba nyuma ya sauti ile yuko mwanamke aliyeamka asubuhi, akatafuta nauli, akaacha mtoto kwa jirani, akasimama mbele ya kipaza sauti mpaka koo likauma, kisha akarudi nyumbani kupika. Nilidhani sauti ile inatoka redioni kama maji yanavyotoka chemchemini, bila mtu kuyalipia.

Nikaenda kwa wale wageni. Nilizungumza nao kwa upole, nikawaeleza ahadi yao. Ilionekana fedha zilikuwapo, ila kila mkubwa alimtegea mwenzake kutia sahihi. Baada ya siku tano vijana walilipwa za siku mbili walizocheza, wakaenda kumalizia zile mbili zilizobaki. Lakini siyo kila kitu kilirudi kama mwanzo. Kijiji kimoja watu walikuwa wamengoja siku ile hata jioni, nao tuliporudi walikuja wachache. Mama ntilie aliyekuwa amepika wali kwa kutegemea mkutano alimwaga. Mpiga ngoma mmoja alikasirika akaenda zake Mpanda, hakurudi kikundini. Kwa hiyo sisemi mgomo ni kitu kitamu. Unamwumiza aliyegoma, na unamwumiza asiyehusika.

Padre nilipomsimulia hakunilaumu wala hakunisifu. Alinikumbusha tu mafundisho yetu wenyewe, ambayo nilikuwa nayasikia bila kuyatia moyoni. Papa Leo wa Kumi na Tatu aliandika mwaka 1891 juu ya haki ya mfanyakazi kupata ujira wa kumtosha yeye na jamaa yake. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1965, ukafundisha kwamba mgomo unaweza kuwa chombo halali, lakini cha mwisho, baada ya kujaribu mazungumzo. Na Papa Yohane Paulo wa Pili akayarudia hayo 1981. Hakuna mahali walipoandika kwamba kazi ya shamba na ya kiwanda ni kazi, bali ya kuigiza si kazi. Mtume Yakobo naye ameandika juu ya ujira uliozuiwa, jinsi unavyopiga kelele. Mimi nilikuwa nikisikia kelele ile nikidhani ni kiburi cha vijana.

Tangu hapo habari za migomo nazisikia kwa sikio jingine. Nimejifunza kwamba mwaka 1960 wachezaji wa sinema wa Marekani waligoma wakiongozwa na Ronald Reagan, yule aliyekuja kuwa Rais 1981. Wakapata malipo pale sinema zao zinapoonyeshwa katika televisheni, na mfuko wa matibabu na uzee. Mwaka 2023 wakagoma tena, toka 14 Julai hata 9 Novemba, siku 118. Safari hiyo hofu yao moja ilikuwa mashine za kompyuta zinazoweza kuiga uso na sauti ya mtu, ili mchezo uendelee bila yeye. Michezo ya mchana kule haikusimama kwa mgomo ule wa wachezaji, kwa kuwa ina mkataba wake wa mbali. Naona hilo ni funzo: palipo na mkataba unaoeleweka na unaotimizwa, mchezo unaendelea na watazamaji hawapotezi kitu. Na juu ya mashine, nilimfikiria tena Tunu. Wakichukua sauti yake bila idhini, naye akabaki nyumbani bila chakula, je, huyo aliyenifungua macho ni nani?

Basi ndugu zangu, wengi wetu hatuna televisheni ya kuendesha wala redio ya kumiliki. Lakini tunazo kwaya, tunazo ngoma, tunao vijana wanaotuchezea Krismasi na Pasaka, arusi na sikukuu ya somo wa parokia. Kama ni sadaka, tuwaambie tangu mwanzo kuwa ni sadaka, nao wakubali kwa hiari. Kama ni kazi, tupatane malipo kabla ya mazoezi, tuandike, tutimize. Nanyi vijana, msiharakishe kufunika ngoma. Semeni kwanza, semeni tena, tafuteni mzee wa kuwasemea, maana huko mbele yuko mama amepika wali.

Katika kikundi chetu sasa kuna daftari. Ukurasa wa kwanza unaandikwa chakula na nauli, ndipo yanafuata majina ya wachezaji. Binti yule ameolewa, anakaa Sumbawanga. Akija kusalimia huniletea mkate, nami humfungia dagaa.

"Za Tunu hizi," humwambia, naye hucheka.