Kipupwe cha Mbegani

Mgeni atokaye bara hudhani ya kuwa pwani ni joto mwaka mzima. Lakini akifika Mbegani mwezi wa Juni au Julai, masika yakiisha, atakuta kipupwe. Alfajiri wazee hujifunika mashuka, maana joto hushuka hata karibu na digrii 19. Adhuhuri jua huwaka kama kawaida. Basi, asubuhi ni wakati mwema wa kutembea hata Kaole, kutazama magofu ya misikiti miwili na makaburi ya kale. Ila asidanganywe na ubaridi huo mtamu, akaomba ngalawa mchana. Upepo wa Kusi huzidi nguvu, na mawimbi huinuka. Mvuvi akikataa kutweka tanga, mgeni asimwite mwoga. Na amshukuru, arudi kwa miguu.